Ukuta Uliopokea Waya

Wanaosema Jean-Berchmans alionewa hawakuwepo Kalundu, kwetu kando ya ziwa, mwaka ule wa 1999. Nyumba aliyoishi haikuwa yake. Ilikuwa ya Léocadie, mjane muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyekimbilia Burundi vita vilipotufikia, akamwachia ufunguo yeye kama jirani wa kuaminika. Mwaka haujaisha, Jean-Berchmans akatangaza kwamba mama huyo amefia njiani, akahamia humo na mkewe Anne.

Sasa alitaka soketi mbili kwenye ukuta wa mbao aliojenga mwenyewe sebuleni, mbele ya ule wa matofali, apate pa kuchomeka friji ya bia. Modeste, fundi wa umeme, alianza kazi saa nne asubuhi, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima. Aligonga ukuta kutafuta nguzo. Nguzo hupigwa kila baada ya sentimita sitini, na katikati ni uwazi unaolia. Kati ya nguzo ya tatu na ya nne hapakulia.

Akagonga tena, mara mbili. Ndani pakagongwa mara mbili.

"Papa, iko kitu mule ndani," alimnong'oneza Jean-Berchmans.

"Iko panya tu. Weye tumika kazi yako."

Modeste akakata tundu la soketi chini, na harufu ya ndagala wabichi ikamjia usoni. Akapanda ngazi, akateremshia waya ndani ya ukuta kwa juu. Kwa kawaida waya hukwama, ukautikisa. Huu ulipokelewa. Ulivutwa taratibu, mkono baada ya mkono, rola ya waya ikizunguka yenyewe sakafuni, naye akiuachia, mpaka ukasimama. Alipouvuta kurudi, nchani palikuwa pamefungwa kipande cha kitenge, fundo limekazwa vizuri.

Anne alikitambua. "Iko kitenge ya Léocadie. Tulinunua pamoja." Akamgeukia mumewe, sauti chini. "Ile juma ulinituma kule Lubarika. Kurudi, nikakuta ukuta imeisha."

Jean-Berchmans akapandwa na hasira. Akaupokonya waya, akaisukuma ncha ndani kwa tundu la soketi mpaka ikashikwa, akauzungushia ngumi yake, akavuta. Ukamvuta nao. Ukamshusha magoti, ukaingiza mkono wake kwenye tundu dogo la soketi mpaka kiwiko, mifupa ikilia, na katika mtaa usio na umeme taa ya sebule ikawaka, ikififia na kung'aa kadiri alivyotetemeka.

"Nilimufungia mule akiwa muzima," alisema. "Alirudi kutaka nyumba yake. Aligonga siku tatu."

Taa ikazimika. Naye akakata roho, macho wazi.

Walipobomoa ukuta walimkuta Léocadie kati ya nguzo ya tatu na ya nne, ncha ya waya ikiwa imezungushwa kwenye mifupa ya mkono wake. Alizikwa kwa misa, na watu wakalia. Jean-Berchmans alizikwa kesho yake bila mtu wa kumlilia, na mimi simlaumu yeyote.

Siku ya tatu baada ya maziko, mchimba makaburi alifika kwa Anne, kofia mkononi.

"Mama, mule mu kaburi ya bwana yako kunagongwa. Tangu tulimuzika."

Anne alikuwa akifunga mizigo yake aondoke katika nyumba ya watu.

"Iko panya tu," alisema, akaendelea kukunja nguo.