Jina Lisilokuwamo Kwenye Karatasi

Ndoa ya Mcha na Tahiya iliharibika Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na ushee asubuhi, ndani ya chumba kisicho na dirisha, kilichobandikwa magodoro kuta zote nne ili adhana na honi za vespa zisiingie. Hawakuwa wamefumaniana. Hakuna aliyeinua mkono. Walikuwa kazini, na yaliyowafika yaliwafika kwa sababu mkubwa wao aliwataka wafanye kazi vizuri.

Miaka mitatu nyuma hawakuwa wanajuana. Mcha alikuwa mnadi wa soko la Mlandege, amesimama mlangoni pa duka la mapazia na kipaza sauti mkononi tangu asubuhi mpaka alasiri: "Karibu mama, karibu dada! Pazia la Dubai hili, ukilitundika nyumbani mume haendi tena barazani!" Duka la pili yake walikuwa wakiuza madira, na siku moja muuzaji alitoka nje, baibui lake lina nakshi ya fedha mikononi, mtandio wa zambarau, hina bado mbichi vidoleni.

"We kaka, hicho kidude hukizimi? Wateja wangu hawanisikii."

"Nikizima nitakula nini, dada?"

"Kula hicho hicho kidude."

"Haya, nakitia chumvi. Utanishikia sahani?"

"Nkushikie sahani, miye mkeo?"

"Jamani mashahidi mpo? Kaomba mwenyewe!"

Soko zima likacheka. Tahiya alirudi dukani amefunika mdomo, na kesho yake akatoka tena kulalamika ingawa kipaza sauti siku hiyo kilikuwa kimeharibika. Wakataniana hivyo wiki nzima, mpaka wenye maduka jirani wakawa wanavuta vigoda.

Miongoni mwa waliosimama kusikiliza alikuwamo Abdulhakim. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi hata mikunjo ingekata karatasi, udi unamtangulia hatua kumi. Watu kama yeye hawasikii wenzao wakicheka, wanasikia mali. Alikuwa na studio ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani Mji Mkongwe, anatia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Akawaajiri wote wawili siku moja. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Tamthilia iliyowaponza ilikuwa ya zamani, ya Kituruki. Haikuwa na bastola wala jini. Ilikuwa nyumba moja tu, baba na mama na watoto watatu, inabomoka polepole mezani, sahani zimejaa na hakuna anayemtazama mwenziwe. Wapo watu wazima Unguja waliowahi kuiona kwenye kaseti miaka mingi nyuma bila ya kuelewa hata neno, na walilia vile vile. Mcha alikuwa sauti ya Orhan, baba mwenye nyumba. Tahiya alikuwa sauti ya Selma, mkewe.

Asubuhi ya Jumanne ile, Mcha alikuwa akitafuta kitana kwenye mkoba wa mkewe. Akatoa karatasi.

"Hii nini?"

"Fomu."

"Naiona fomu. Ya chuo? Tunguu?"

"Nlitaka nkwambie nikishakubaliwa."

"Yaani niambiwe nshaachwa."

"Nani kakuacha, Mcha? Nnakwenda kusoma, siendi kuolewa."

"Mimi nimekomea darasa la saba. Ukishasoma utawaambia wenzio mimi nani? 'Huyu mlinzi wetu'?"

"Mlinzi huamka mapema kuliko wewe," alisema Tahiya, akacheka.

Alikusudia mzaha. Lakini Mcha hakuwahi kusikia kicheko kikamchoma vile. Walitoka nyumbani pamoja, wakateremka njia moja, huyu ukuta wa huku, yule ukuta wa kule, mpaka studio.

Na siku hiyo ndiyo zamu ya kipande ambacho Orhan anamwacha Selma.

Kwa Kituruki, Orhan alisema tu: "Nimechoka, naondoka." Mfasiri aliandika hivyo hivyo. Abdulhakim ndiye aliyeshika kalamu akafuta, akaandika: *Selma, nimekuacha. Talaka tatu. Toka nyumbani kwangu.* "Watu wetu hawaelewi 'naondoka'," alisema. "Mwanamme kila siku anaondoka. Nataka wenye nyumba washtuke."

Walirikodi mara mbili, hakikutoka kitu. Abdulhakim akagonga kioo.

"Mnasoma gazeti nyie? Huyu anavunja nyumba! Mcha, wewe hujaudhika na mkeo hata siku moja?"

Mcha akaikodolea macho karatasi.

"Basi weka karatasi chini. Mtazame yeye. Mwambie yeye."

"Mkubwa, hili neno halichezewi."

"Hii tamthilia, bwana. Unadhani malaika hawaijui tamthilia? Haya, twende."

Mcha akaweka karatasi chini. Akamtazama mkewe upande wa pili wa meza, ameweka vile vizibo vikubwa vya masikioni juu ya mtandio, pembe ya midomo bado ina kile kicheko cha asubuhi, au yeye alikiona. Akafungua kinywa.

"Tahiya, nimekuacha. Talaka tatu. Toka nyumbani kwangu."

Nyuma ya kioo Abdulhakim alikuwa keshasimama, anapiga makofi. "Hiyo! Hiyo ndiyo! Siku kumi naitafuta sauti hiyo!"

Tahiya alivua vile vizibo, akaviweka juu ya kiti taratibu.

"Karatasini pameandikwa Selma," alisema.

"Ulimi umeteleza, roho yangu. Wallahi ulimi tu."

"Na macho? Macho nayo yameteleza?"

Abdulhakim akaingia anatabasamu. "Msipate tabu. Jina tutalikata, tutabandika 'Selma' wa kipande chengine. Lakini sauti hii siifuti. Hapa ndipo tamthilia yenyewe ilipo."

Alasiri ile Tahiya alikuwa Kiwengwa kwa mama yake.

Bi Mwanakheir alikuwa mkulima wa mwani, vidole vimepasuka kwa chumvi, maneno yake machache. Alimsikiliza bintiye mpaka mwisho, kisha akasema: "Ukae hapa. Tatu ni tatu. Ikiwa imepita, yule si wako tena mpaka uolewe na mwengine akuache. Na ikiwa haikupita, atakuja kukuchukua mwenyewe. Lakini asikuguse mpaka sheikh aseme."

Mcha alipiga simu magharibi.

"Mpenzi."

"Usiniite hivyo. Sijui kama nahalalika kuitwa."

"Umekula?"

"Nshakula."

"Umekula nini?"

"Mcha. Nshakula."

Siku ya pili Mcha akaenda kwa Sheikh Abrahman, Mkunazini, mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo sheikh."

"Marahaba. Sema."

Akasema yote. Sheikh alitikisa kichwa.

"Mtu akisoma maneno ya kitabu, anasoma. Akihadithia, anahadithia. Hakuacha mtu. Wewe ulikuwa unasoma?"

"Mkubwa aliniambia niweke karatasi chini."

"Karatasi ilisema Selma. Jina la mkeo lilitoka wapi?"

"Ulimi, sheikh."

"Basi apa. Useme wallahi hukumkusudia mkeo. Ukiapa, mkeo ni mkeo, na mimi sina la zaidi. Moyo wako siujui, nakuachia wewe na Mola wako. Na huyo mkubwa wako naye aje anieleze alikuamrisha nini."

Abdulhakim hakwenda. Alituma ujumbe kwamba yupo kikaoni. Wakubwa vikao vyao haviishi siku ambayo kuna mtu anataka wajibu.

Pale pale mbele ya sheikh, Mcha aliweka mkono juu ya goti, akafungua kinywa aape, na neno halikutoka. Kwa sababu kweli yenyewe, ambayo hakumwambia mtu, ni hii: kwa muda wa pumzi moja, alipoutazama ule mdomo, alimkusudia. Hakumkusudia Selma wala mwanamke mwengine. Alitaka aumie. Pumzi ya pili alikuwa keshajuta, lakini maneno hayatoki kwa pumzi ya pili.

"Nipe siku tatu, sheikh."

Habari kwamba hakuapa, kaomba siku tatu, ikafika Kiwengwa kabla yake. Alipokwenda siku iliyofuata, mwani umeanikwa uwanja mzima, mlango wa hoteli ya jirani unafunguliwa na kufungwa kwa wageni, alimkuta Tahiya kakaa kizingitini kavaa baibui na ninja, macho tu nje. Mwanamke aliyekuwa akimpaka mafuta mgongoni wiki iliyopita leo alijisitiri kwake kama kwa muuza samaki.

"Hata mimi, Tahiya?"

"Hata wewe. Mpaka nijue wewe nani."

"Nimekuletea nguo zako."

"Ziweke hapo." Hakuzigusa. "Mcha, asiyekusudia anaomba siku tatu za nini?"

"Naogopa kumtaja Mungu ovyo ovyo."

"Siku zote unamtaja ukikosa chenji."

Ingekuwa siku nyengine angecheka. Aliyaona macho tu, kope zimeshikana kwa kulia, na akafahamu kwamba kweli yake ingemnyang'anya mtu huyu kwa maneno mawili. Jina la Tunguu likamtoka lenyewe.

"Nenda Tunguu kasome. Mimi mwenyewe nitakupeleka."

"Sikutaka unipeleke. Nlitaka unijue."

Mcha aliondoka pale, hakungoja siku tatu ziishe. Aliingia Mkunazini kwa sheikh bado ana mchanga wa Kiwengwa viatuni, akaapa. Wallahi, wabillahi, watallahi, hakumkusudia mkewe. Sheikh Abrahman aliitazama miwani yake, akaipangusa, akasema: "Basi mkeo ni mkeo. Nenda kamchukue."

Na akamchukua. Bi Mwanakheir aliwafungia samaki wa kukaanga kwenye jani la mgomba. Tahiya alivua ninja ndani ya gari, akaegemea bega lake, akasema, "Habibi, ulinitisha." Nyumbani alipika pilau, akaimba jikoni. Kila siku iliyofuata ilikuwa nzuri, na Mcha kila siku ilimkaba. Alikuwa akiamka kabla ya adhana, anamtazama alivyolala, anatoka barazani kukaa peke yake. Tahiya alidhani ni uchovu. Mwezi wa Oktoba alianza Tunguu. Mcha akampeleka kweli, mpaka getini, akamsubiri mpaka aingie darasani.

Studio Tahiya hakurudi tena. Mcha alibaki mwezi mmoja akamalizia sauti ya Orhan kisha naye akaondoka, akarudi Mlandege, lakini kipaza sauti alikuwa anakishika kama mtu anayeshika nyoka. Abdulhakim yeye aliipeleka tamthilia mbele, akapewa cheti cha kazi nzuri, akapigwa picha anakipokea.

Februari Tahiya alirudi kutoka kliniki, akamkuta Mcha amekaa kwenye busati, akauchukua mkono wa mumewe, akauweka juu ya tumbo lake. Mcha alilia. Tahiya akadhani ni furaha, na robo yake ilikuwa furaha.

"Unalia nini mwanamme mzima? Ukimzaa wewe je?"

"Nitazaa kwa kelele, mtaa mzima usikie."

Jumamosi ya wiki ile, saa kumi za alasiri, televisheni ilikuwa ikirudia tamthilia. Tahiya alikuwa na sahani ya maembe mabichi na pilipili, miguu juu ya paja la mumewe. Mcha alinyoosha mkono achukue rimoti.

"Acha. Tumsikie Orhan wetu."

Orhan akasimama kutoka mezani. Watoto watatu wakaacha kula. Halafu ikaja ile sauti.

"Selma..."

Jina lilitoka baridi, la siku nyengine, la mtu anayemwita mkewe kwamba chai iko tayari. Nyuma yake yakaja yaliyobaki, na Tahiya akaweka sahani chini: *nimekuacha. Talaka tatu. Toka nyumbani kwangu.* Selma akajibu, na alijibu kwa sauti ya mwanamke mwengine, aliyetafutwa baadaye.

Miaka miwili Tahiya alifanya kazi ile. Masikio yake yalikuwa yamefunzwa kujua mtu anapocheza na anapokuwa hachezi. Alishusha miguu chini. Akaifunika kwa kanga.

"Mcha."

"Naam."

"Jina wamelibandika."

"Si tulijua watalibandika?"

"Jina limebandikwa. Haya mengine hayakubandikwa."

"Zima, Tahiya. Nile zangu embe."

"Nnasikia. Usiniambie sisikii. Hii ni sauti ya mtu aliyekusudia." Alisema polepole, bila ya ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Mcha zaidi. "Kwa sheikh uliapa mara ngapi?"

"Tatu."

"Hapo pia tatu."

Mcha aliangalia busati. Kwenye televisheni mlango wa nyumba ya Orhan ulikuwa ukifungwa, tangazo la sabuni likaingia, mwanamke anacheka amebeba nguo nyeupe. Tahiya alijivuta mpaka pembe ya mbali ya busati, pale ambapo goti lake halikugusa la mumewe, akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Miye siulizi tena kama ulikusudia," alisema. "Nshajua. Nakuuliza jengine, na unijibu kabla hakijaisha hicho kitangazo. Huyu akizaliwa, nikiulizwa, niseme mtoto wa nani?"