Aliyekatwa Pichani

"Umemkata bibi yangu!"

Katibu wa kanisa aliganda mlangoni mwa duka la uchapaji. Mchumba wake, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga kurasa za kitabu cha miaka hamsini ya kanisa, alimgeuzia kompyuta. Katika picha aliyoileta katibu walisimama wazee watano mbele ya kibanda cha mabati. Pembeni ulibaki mkono wa mtu wa sita, hauna mwenyewe.

"Mpenzi, nafasi ilikuwa ndogo..."

"Nafasi? Kibanda hicho kilikuwa jiko lake! Aliwahubiria hao wazee miaka saba kabla mchungaji wa kwanza hajaletwa. Wewe umeandika nini? 'Akina mama walisaidia kupika.'"

"Kamati ndiyo iliyopitisha."

"Na kalamu alishika nani?"

Mchumba wake akaizima kompyuta.

"Basi harusi tuiweke kando. Leo umemkata bibi, kesho utanikata mimi."

Siku tatu mchumba hakupokea simu zake. Ijumaa ujumbe ukaingia: "Niko kwa bibi yako tangu asubuhi, ananisimulia. Nimeona aibu. Jumapili njoo, nakuomba."

Hakujibu. Lakini moyo hauna adabu. Jumapili ulimfikisha kanisani mapema kuliko kwaya.

Katibu alipanda mimbarani kuzindua kitabu.

"Kitabu hiki nimekiandika mimi, na si cha kweli."

Mwenyekiti wa kamati akaruka. "Kijana, shuka!"

"Nitashuka, mzee. Ila wanawake ndio waliowapelekea mitume habari za ufufuo, wakaambiwa ni upuuzi. Na sisi tumefanya yale yale. Aliyeanzisha kanisa hili amekaa benchi la mwisho!"

Vigelegele vikalipuka. Mchungaji mwenyewe alishuka, akamshika Bibi mkono, akamleta mbele taratibu, watu wote wamesimama.

Bibi akapokea maikrofoni. "Kaeni vizuri. Nimenyamaza miaka mingi."

Kanisa zima likaangua kicheko, kisha likaketi kumsikiliza.

Nje, baada ya ibada, katibu alimsogelea mchumba wake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Wamenivua ukatibu."

"Pole. Na kitabu?"

"Naandika upya. Sura ya kwanza yote ni ya Bibi."

"Picha nachagua mimi."

"Chagua. Na harusi je?"

Machozi yalimtoka huku anacheka. "Wewe mwanaume, nikikuacha nitakuokota wapi tena?"

Miezi miwili baadaye walioana. Mchungaji aliwafungisha ndoa. Mahubiri alitoa Bibi, saa nzima na ushee, na hakuna aliyethubutu kukohoa.