Kisu cha Chuma cha Msumeno

Vumbi lilikuja kutoka mbele, ukuta mwekundu uliosimama kutoka ardhini hadi kulifunika jua, na kabla Kinyozi hajamaliza kupandisha kioo cha dirisha, barabara ilikuwa imeshapotea. Baba mkwe wake hakusimama. Alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na minne. Madereva wenzake walimwita Mzee Honi kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipiga honi, na mtu wa namna hiyo hasimami kwa ajili ya vumbi. Alipunguza gia, akauinamia usukani, akaenda kwa kubahatisha karibu saa nzima. Kisha ardhi ikaisha chini ya magurudumu ya mbele.

Lori liliingia kwenye korongo kavu kwa pua. Kinyozi alisikia chuma kikikatika, kitu kizito kikiporomoka nyuma, halafu hakusikia kitu tena ila mchanga ukilichapa bati.

"Uko mzima?" Mzee Honi aliuliza.

"Niko mzima, baba. Na wewe?"

"Mguu umechomwa na kitu. Fungua mlango."

Milango yote miwili ilikuwa imekunjamana. Kinyozi alitia mkono mfukoni mwa shati akatoa kisu cha kukunja alichokinunua asubuhi ile sokoni, chenye mpini wa pembe na bapa jembamba lililong'aa kama maji. Akakipenyeza kwenye ufa karibu na kitasa, akakandamiza. Kikakatika katikati.

Mzee Honi alikitazama kile kipande kilichobaki. "Kimedumu tangu asubuhi," alisema. "Si haba."

Wakatokea kwenye kioo cha mbele, ambacho hakikuwepo tena.

Safari yenyewe ilikuwa ya viti. Kinyozi alikuwa amepata viti viwili vya saluni vilivyotumika, vile vya kulala nyuma kwa wenzo, katika mji wa upande wa pili wa mbuga, na mkewe ndiye aliyembembeleza babake avibebe. Mzee alikubali kwa ajili ya binti. Mkwe mwenyewe hakuwa amemkosea neno. Hakunywa, hakupiga mtu, salamu alizijua. Tatizo lilikuwa vile vijisu. Mwanamume mzima, chumba cha nyuma amekigeuza karakana, droo tatu zimejaa visu vya mfukoni vilivyolazwa juu ya taulo kama watoto wachanga, vingine vya kununua, vingine vya kujitengenezea. Siku ya posa alitoa kimoja akamchongea shangazi wa bibi harusi kijiti cha meno. Shangazi alicheka hadi akalia. Mzee Honi hakucheka.

Vumbi lilipotulia mchana, waliona hali yao. Ekseli ya mbele ilikuwa vipande viwili. Simu hazikuwa na mtandao. Dumu la maji la lita ishirini lilikuwa limepondwa na kiti, na mchanga ulikuwa umekwisha kunywa kila kitu. Kilichobaki ni chupa moja ya lita moja na nusu.

"Kuna rejeta," mzee alisema. Alikuwa amekaa kivulini mwa tela, suruali imeloa damu chini ya goti. "Mimi sitii dawa humo. Ni maji matupu na kutu."

Koki ya chini ilikuwa imepondeka. Kinyozi alilala chali chini ya injini, akatoa kisu chake cha kila siku, kile alichokitengeneza kwa bapa la msumeno mkuukuu na mguu wa meza iliyovunjika. Hakikuwa na sura. Alilikata bomba la mpira taratibu, sufuria likiwa chini, maji mekundu yakateremka. Waliyachuja kwa taulo mpya ya saluni. Zikapatikana kama lita tatu, zenye ladha ya msumari.

Jeraha halikuonekana la kutisha, tundu dogo kwenye shavu la mguu. Kinyozi alilipaka spiriti aliyoinunua kwa kazi ya saluni, akalifunga.

Siku ya pili alitoka alfajiri kutafuta barabara. Mzee alimwelekeza: jua aliweke bega la kushoto, ahesabu hatua elfu nne, akikosa arudi, asijifanye shujaa. Alihesabu elfu nne. Aliona miba, mawe, mifupa ya mnyama asiyemjua, na kilima kimoja mbali mno. Aliongeza mia tano kwa ukaidi, kisha akarudi akifuata nyayo zake, ulimi umegandamana na kaakaa. Kila mmoja alikunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mzee alikuwa akikibakisha chake robo, akisema hana kiu.

Siku ya tatu hakuamka kwa urahisi. Alikuwa akitetemeka juani. Mguu ulikuwa umevimba kuanzia goti hadi kifundo, ngozi imevutika, nyekundu, na mstari mwembamba ulikuwa unapanda kuelekea paja. Kinyozi alibonyeza karibu na tundu, akahisi kitu kinachobonyea ndani.

"Kuna usaha, baba. Na nadhani kuna chuma kimebaki humo."

"Basi kitoe."

"Mimi si daktari."

"Nimeona hilo tangu ulipokuja kuposa." Mzee alifumba macho. "Una wembe?"

"Siku hizi tunanyoa kwa mashine. Nina kisu."

Mzee Honi alifumbua macho. "Kile kilichokata mpira?"

"Ndicho."

Kinyozi alishusha kiti kimoja cha saluni kutoka kwenye tela. Alikiburuta hadi kivulini, akakikita mchangani, akamkalisha mkwewe, akauvuta wenzo. Kiti kililala nyuma bila kelele. Mzee akawa ametazama juu kama mtu aliyekuja kunyolewa ndevu, mbugani, hakuna nyumba wala mti mrefu kokote macho yafikapo.

Bapa lilikuwa limechoka kwa kukata mpira. Kinyozi alikigeuza kikombe chake cha kauri, akatemea mate kwenye kitako, pale ambapo udongo haukupakwa ule mng'aro, akanoa. Upande huu, upande ule, pembe ileile. Akamalizia kwenye ukingo wa juu wa kioo cha mlango. Alijaribu kwenye unywele wa mkono wake. Ulikatika bila kuvutwa. Akawasha kiberiti, akakipitisha kisu motoni, akakimwagia spiriti, akanawa mikono kwa spiriti iyo hiyo.

"Zungumza," mzee alisema, ameng'ang'ania mikono ya kiti. "Nikisikia kimya nitakupiga teke."

"Nizungumze nini?"

"Hivyo vijisu. Unaona nini humo?"

Kinyozi alipiga goti. Alishika mguu kwa mkono wa kushoto, akaona kwamba mkono wa kulia umetulia kabisa, na jambo hilo likamshangaza.

"Hiki nilikitengeneza mwaka aliofariki mama," alisema, na akakata.

Mzee alivuta pumzi kwa meno.

"Sikuwa nalala. Nikawa nakaa kule nyuma nasugua chuma. Ukisugua chuma, baba, huwezi kuwaza kingine, ukiwaza kingine unaharibu pembe." Usaha ulitoka mwingi, wenye harufu nzito. Aliufuta kwa taulo, akaendelea. "Msumeno ulikuwa wa babu. Niliupasha moto ukawa mwekundu, nikauzamisha kwenye mafuta. Bapa la kwanza lilipasuka. La pili likapinda. Hili ni la tatu."

"Endelea."

"Halafu kuna ile sauti kikifunguka. Kle. Kama mlango wa nyumba nzuri ukifungwa. Nilihangaika miezi miwili na bawaba ili kilie hivyo." Ncha iligusa kitu kigumu. "Sasa usitikisike."

"Sitikisiki. Endelea kusema."

"Vingine nanunua kwa sababu mtu fulani alivipenda kabla yangu. Unaona mpini umelika mahali pa kidole gumba. Mtu alitembea nacho miaka ishirini, kila siku, akakatia kamba, akamenyea chungwa. Simjui, lakini kidole changu kinaingia palepale." Aliinua polepole. Kipande cha springi, urefu wa punje ya mchele mara tatu, kilitoka na damu safi nyuma yake. "Kimetoka."

Mzee Honi aliiachia mikono ya kiti. Machozi yalikuwa yametelemka hadi masikioni. Baadaye sana, jeraha likiwa limeoshwa na kuachwa wazi lijivujishe, alisema, "Kumbe ndivyo," na akalala hukohuko kitini.

Jioni ile maji yalibaki vikombe vinne. Mzee, homa ikiwa imepungua kidogo, alisema upepo huvuma mchana kutwa na kuulaza moshi, ila asubuhi mapema kuna muda hewa husimama. Ndipo pa kuwasha.

Kinyozi hakuhitaji kuambiwa awashe nini. Kulipopambazuka alimshusha mkwewe akamlaza kwenye turubai, akavirudia viti vyake. Alipasua ngozi ya kwanza kuanzia mgongoni hadi kwenye makalio, akang'oa sponji. Kisha ya pili. Mshono ulikuwa mzuri, wa mkono, na alijikuta anaufuata kwa adabu badala ya kuukata ovyo. Aliijaza sponji ndani ya tairi la akiba lililotolewa upepo, akamwaga spiriti yote, akawasha. Moshi mweusi ulipanda wima, mnene kama nguzo, ukaenda juu na kukaa huko.

Saa mbili baadaye walisikia injini. Walikuwa wachimba visima, watu wanne katika gari la wazi, kambi yao iko ng'ambo ya kilima kile Kinyozi alichokiona siku ya pili na kukiona mbali mno. Waliwapa maji kidogo kidogo. Mmoja wao, mpishi, mama mnene mwenye sauti ya chini, alitazama mguu akasema hospitali ipo mwendo wa saa tatu kutoka kambini, na kwamba aliyeufungua mguu huu aliufungua vizuri.

Kambini aliwawekea tikitimaji nusu na kisu cha jikoni. Kinyozi alikichukua kisu. Hapo ndipo mkono ulipoanza. Ulitetemeka kutoka kwenye kiwiko, bapa likagonga sinia, akaushika kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka. Alijaribu kucheka. Haikuwezekana. Alikiweka kisu chini, akaikunja mikono kwapani, akaangalia pembeni.

Mzee Honi alisogea kwenye benchi, mguu umenyooshwa mbele yake. Alikichukua kisu. Alikata kipande, akatoa mbegu moja moja kwa ncha, bila haraka, akamnyooshea.

"Kula, mwanangu," alisema. "Taratibu. Nitakukatia kingine."