Kitabu cha Kurushiana

Foleni ya benki haisogei, na fundi simu analia. Kijana mzima, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, machozi yanamdondokea kwenye simu! Nyuma yake muuza dawa, ndani ya gauni lake la njano, akachungulia kioo cha simu ile. Moyo ukamruka. Yalikuwa maneno yake mwenyewe: riwaya aliyoiandika miaka minne, kwa jina la kubuni.

"Kitabu kitamu hiki, dada," fundi akasema, akijifuta kwa kiganja. "Nikurushie?"

Akampa namba. Kitabu chake mwenyewe kikaingia simuni mwake, bure. Angekasirika, lakini wewe, ni mwandishi gani aliyewahi kumwona msomaji wake akilia?

Miezi mitatu wakapendana haswa.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula, ila sijakuona, kwa hiyo njaa iko palepale."

Muuza dawa siri yake akaibana. Mpaka mchana mmoja mchapishaji akampigia: kitabu cha pili hata usikilete. Cha kwanza kila mtu anacho, na hakuna aliyenunua.

Akampigia fundi. "Kile kitabu ulimrushia nani mwingine?"

"Kundi zima, mpenzi. Watu mia nne. Kwani vipi? Mwenyewe si bado anacho chake?"

"Dukani ungekibeba bila kulipa?"

"Aa, dukani kuna mtu ananitazama. Huku hakuna mtu."

"Nipo mimi! Mimi ndiye niliyekiandika!"

Akakata. Fundi akapiga mara thelathini, hakupokea hata moja.

Siku ya tano fundi akaja duka la dawa, ndevu hazijanyolewa, akapanga foleni na wagonjwa.

"Tangu chuo tunarushiana vitabu, hakuna anayeona haya," akasema. "Nilidhani nakusambazia sifa. Kumbe nakuumiza. Kundini nimewaambia ukweli. Wengine wameomba radhi, wengine wamenicheka. Nisamehe."

"Na cha pili, alichokikataa mchapishaji?" Muuza dawa akagonga kaunta. "Nimekiandika nikikuwaza wewe, mjinga mkubwa!"

"Nipe nikisome. Nitakinunua."

Akatoa daftari alimokiandika chini ya kaunta, akalikumbatia. "Hakiuzwi. Atakayekisoma wa kwanza ni mume wangu. Wewe nani?"

Mama mwenye kikohozi akamsukuma fundi bega. "Jibu basi, baba, tunataka dawa!"

"Jumamosi namtuma mjomba kwenu," fundi akasema.

Muuza dawa akamtazama, akamtazama tena. Kisha akamsukumia daftari juu ya kaunta.

"Ndilo hilo moja tu," akasema. "Nakala nyingine sina."