Hellena Agoma Kupandisha Bendera

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Hellena alikuwa ameshafika uwanjani. Baridi ya Sumbawanga mwezi wa tano haina utani. Vidole vinakufa ganzi na kamba ya bendera inauma kiganjani. Lakini yeye ndiye aliyekuwa kiranja wa bendera wa shule yao ya msingi pale Katandala, na ingawa alikuwa darasa la sita tu, kazi hiyo hakumwachia mtu.

Wiki ile ya mwaka 1996 kazi ilikuwa na utaratibu wake. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama Ziwa Victoria na mamia ya watu, na redio ikatangaza siku tatu za maombolezo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Cornelia, alimwelekeza mwenyewe: "Usiifikishe katikati ukaishia hapo. Kwanza ipande mpaka kileleni, itulie, ndipo uishushe nusu mlingoti. Jioni vilevile, irudi juu kwanza, ndipo uiteremshe."

Shida, rafiki yake, alisimama kando akitazama. Wazazi wake walihamia Ufipa na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Shangazi yake alikuwa ndani ya meli ile, na mwili wake haukupatikana.

"Sisi hatuna kaburi," Shida alimwambia siku ya pili. "Mama anatoka nje, anaitazama bendera hii kutoka kule mteremkoni. Akiiona imeshushwa anasema, haya, wanamkumbuka. Ndipo anashika jembe."

"Basi ataiona mpaka siku zitimie," Hellena akasema.

Siku ya tatu, saa nne, Mwalimu Kalisti, mwalimu wa zamu, alikuja mbio, tai imekaa upande. Mzee Suleimani, mwenye duka mjini, alikuwa njiani na madawati thelathini ya kuwapa watoto waliokuwa wanakaa sakafuni. Mpiga picha alishafika.

"Hellena, pandisha bendera mpaka juu. Nusu saa tu, tupige picha, kisha utaishusha."

"Mwalimu, maombolezo yanaisha leo jioni."

"Nani hajui? Picha itatundikwa ofisini miaka na miaka. Watu watadhani kamba yetu ilikwama. Pandisha!"

"Sipandishi, mwalimu."

Wanafunzi waliokuwa wanajipanga kumpokea mgeni wakageuka.

"Umesemaje?"

"Sipandishi! Wale watu hawakufa kwa nusu saa."

"Vua beji."

Hellena alifungua pini, akaiweka beji kwenye kiganja cha mwalimu. Lakini hakuondoka. Aliuegemea mlingoti, mgongo wake ukalifunika fundo la kamba. 

"Yonas! Njoo upandishe wewe."

Yonas aliitamani beji ile tangu darasa la tano. Alikuja akicheka. "Toka bwana, Hellena. Utachapwa bure, mshikaji."

"Nichapwe. Kwanza muulize Shida mama yake anatazama nini saa hizi."

Yonas akamgeukia Shida. Machozi yalikuwa yanamtiririka Shida, akanyoosha kidole mteremkoni. Yonas akatazama huko, kisha akaitia mikono yake mifukoni.

"Mwalimu, mimi kamba hiyo siiwezi."

Mara lori la madawati likaingia. Mwalimu Cornelia alishuka pamoja na Mzee Suleimani, maana ndiye aliyekwenda kumpokea. Mzee aliinua macho akaiona bendera. Akasimama palepale, akakunjua viganja, akaomba dua kimyakimya.

"Picha tupige hapahapa, chini yake," alisema alipomaliza. "Mkiipandisha kwa ajili yangu mtaniaibisha."

Mwalimu Kalisti hakuficha kitu. Alimweleza mwalimu mkuu yote yaliyotokea, beji ikiwa mkononi mwake.

"Hellena," Mwalimu Cornelia akasema, "umemjibu mwalimu wako kama unagombana naye gulioni. Kwa majibu hayo utamwomba radhi."

"Nisamehe, mwalimu."

"Kwa kuikataa kamba, huombi radhi kwa mtu yeyote."

Mwalimu Kalisti akambandika beji yake. "Nisamehe na mimi," alisema taratibu. "Niliwaza picha tu."

Jioni, Hellena aliirudisha bendera hadi kileleni, ikapepea kwa nguvu katika upepo wa Ufipa.

"Mbona inapanda, nasi tunataka kuishusha?" Shida akauliza.

"Kwa sababu haikukwama pale katikati, wala haikusahauliwa," Mwalimu Cornelia akajibu. "Tuliishusha kwa kukusudia, kwa ajili ya watu wetu. Sikilizeni wanangu. Kumheshimu marehemu ni rahisi wakati hakuna anayetudai kitu. Kazi inakuja siku tunapoambiwa tumweke kando kidogo tu, mgeni apite. Siku hiyo sema hapana. Sema kwa adabu, lakini sema."

Bendera ikateremka polepole. Shida akaipokea mikononi ili isiguse ardhi, wakaikunja wawili. Kule mteremkoni mama yake alikuwa amesimama, jembe liko chini miguuni pake. Hakuliokota mpaka walipomaliza kukunja.