Kadi ya Mtumba

Nesi alipanda ngazi za jengo la maduka ya vifaa vya umeme akiwa ameikumbatia sipiyu ya kompyuta yake kama mtoto mgonjwa, huku watu wakimpiga vikumbo. Ghorofa ya pili, kona ya bati ikamgonga kijana mmoja gotini.

"Mama yangu!" kijana akaruka kwa mguu mmoja. "Dada, hilo boksi lina leseni?"

"Samahani, kaka. Natafuta fundi kompyuta."

"Umeshampata. Umemvunja goti, lakini ndiye."

Shati lake la bluu lilikuwa limenyooka kwa pasi, na mfukoni alichomeka bisibisi badala ya kalamu. Nesi, akiwa bado ndani ya sare nyeupe ya kazini, akajikuta anacheka.

Kibandani fundi alifungua sipiyu, akapuliza vumbi. "Ina miaka mingapi hii?"

"Kumi. Nataka kuchezea gemu la mbio za magari. Kila nikifika kwenye kona inaganda, nagonga ukuta. Na hela yangu ni ya kitu kimoja tu."

"Kumbe unacheza mwenyewe?"

"Kwani mikono yangu ina nini?"

"Yaishe, Dereva!" Fundi akanyoosha mikono juu. "Basi tusiguse kingine. Nitakutafutia kadi ya grafiki ya mtumba. Hiyo ndiyo itakayobeba kazi ya picha, mashine ipumue."

Kadi ilitafutwa wiki mbili, na wiki mbili hizo simu hazikukatika.

"Imepatikana?"

"Bado. Ila nimeamka nikiiwaza sauti yako."

"Mwone kwanza! Tafuta kadi, wewe."

Siku kadi ilipofungwa, magari yaliteleza kwenye skrini ya kibandani bila kukwama hata mara moja, na nesi akamkumbatia fundi mbele ya wateja bila kujijua.

Nyumbani, gari likaganda kwenye kona ya kwanza. Akajaribu tena na tena. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akachungulia mlangoni.

"Mdogo wangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wanakuonyesha nzima, wanakufungia mbovu. Hao wenye maneno matamu ndizo zao."

Hasara ya kadi angeimeza. Kilichomchoma ni kwamba alishaanza kumpenda, na huenda hata yale maneno ya kwenye simu yalikuwa ya mtumba, yameshatumika kwa wengine.

Kesho yake akatinga kibandani. "Mwizi wewe! Umenibadilishia kadi!"

Wateja wakageuka. "Dereva, nisikilize kwanza..."

"Usiniite hivyo!"

Akaondoka. Simu za fundi hakuzipokea, na ujumbe wake hakuufungua.

Siku ya nne hasira iliisha, ikabaki huzuni tupu. Akaufungua ule ujumbe, uliotumwa siku ileile ya ugomvi.

"Tafadhali angalia waya wa skrini. Nyuma ya sipiyu kuna pa kuchomeka pawili. Pa juu ni pa zamani, pa chini ni pa kadi. Umechomeka wapi?"

Akapiga magoti chini ya meza. Juu! Palepale alipozoea kwa miaka kumi. Akahamisha waya, akawasha, na gari likakata kona zote bila kusita. Nesi akajifunika uso. Hakuibiwa, wala hakudanganywa. Furaha na aibu zikamjia pamoja, asijue aanze na ipi.

Alifika kibandani na gauni la nyumbani na ndala miguuni.

"Jamani, nisikieni wote," akasema. "Majuzi nilimwita huyu mwizi. Si mwizi. Mimi ndiye niliyechomeka waya pasipo pake. Fundi, nisamehe."

Fundi alikaza skrubu moja bila kuinua macho. "Siku ile wateja wawili walichukua mashine zao, wakaondoka."

"Nitawafuata nyumbani kwao niwaeleze."

"Hao watarudi. Mimi nilidhani wewe ndiye hutarudi." Akaweka bisibisi chini, na hatimaye akatabasamu. "Jumapili nakuja kwenu."

"Kuangalia kompyuta? Imeshapona."

"Kompyuta ya nini? Nakuja na posa kwa dada yako. Sitaki kukuiba, nataka nikuombe mlangoni, mchana kweupe."

Nesi akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Njoo mapema," akasema, akifuta machozi kwa kiganja. "Mimi kusubiri siwezi tena."