Jina la Cucu

Kila asubuhi Lois alichelewa kufunga viatu. Alikaa kitandani, kiatu kimoja mkononi, akitazama ukungu ukijivuta polepole juu ya mapaa ya Kensington, mtaa wao wa ugenini, na mawazo yake yakaenda nao.

"Mami, utachelewa shule," baba yake, Gikonyo, aliita kutoka jikoni. Alimwita hivyo kwa sababu Lois alikuwa binti wa kwanza, na kwa desturi ya Wakikuyu alipewa jina la mama yake baba.

Lakini wiki ile Lois hakuitika. Jumapili alikuwa amemsikia baba akimnong'oneza mama, "Jeni iliyomletea mama yangu saratani, nami ninayo."

Cucu Lois, huyo bibi yake, alifariki kabla mjukuu wake hajazaliwa. Watu walisema mtoto amechukua macho yake, mwendo wake, hata ukaidi wake. Basi Lois akaamini kwamba jina limemletea na ugonjwa. Darasani aliota macho wazi: mwanamke mwenye mwendo kama wake anatangulia kati ya michai, hageuki, naye hawezi kuacha kumfuata. Akafuta jina lake kwenye madaftari, akaandika Lerato, jina lisilo la mtu yeyote wa ukoo wao.

"Mimi nina jina la guka, na babu huyo bado anakamua ng'ombe," kaka yake Njoroge alijigamba Lois alipomweleza. "Wewe, eish, pole."

Ijumaa baba akayaona madaftari. "Lerato ni nani?"

"Ni mimi. Sitaki kufa kama cucu," Lois akasema, akaangua kilio. Baba aliumia sana moyoni.

Kesho yake akawapeleka Lois na Njoroge kwa Victorine, muuguzi kutoka Lubumbashi aliyeshauri familia kuhusu magonjwa ya kurithi.

"Jeni haijue majina, mutoto yangu," Victorine alisema. "Baba yako iko na mbili: moja muzuri, moja yenye kasoro. Kila mutoto anapewa moja tu. Ni nusu kwa nusu, musichana ao kijana."

Njoroge aliacha kutafuna chingamu. "Hata mimi?"

"Hata weye."

"Aliye nayo lazima augue?" Lois akauliza.

"Hapana. Hatari yake tu inapita ya wengine, ndiyo maana anachunguzwa mapema. Mukikuwa wakubwa mutachagua kupimwa. Sasa muende mucheze."

Walipokuwa wakirudi, baba alisimama kwenye roboti, akingoja taa ya kuvukia barabara ibadilike. "Cucu yenu alificha uvimbe miaka miwili ili asitutishe," alisema. "Tulipojua, madaktari hawakuweza tena kumsaidia. Nami nimekuwa nikinong'ona vilevile. Jambo likiwaogopesha, niulizeni."

"Wewe unaogopa, baba?" Lois akauliza.

Baba akainama kumtazama. "Ndiyo, naogopa. Jumatano daktari atanichunguza."

"Tutakusindikiza," Njoroge akasema, bila majigambo safari hii.

Lois akaushika mkono wa baba. Taa ilibadilika, naye hakuuachia mpaka walipokwisha kuvuka.